Bonsai si pambo la sebuleni, itoe juani

Siku hizi bonsai ni zawadi ya fasheni mjini. Mtu akihamia keja mpya, marafiki wanamletea kamti kadogo ndani ya chungu, anakaweka kando ya runinga, picha zinapigwa. Miezi miwili baadaye kamti kamekauka, na mwenyewe anasema eti mimea haimpendi.

Tuambiane ukweli. Kama kamti hako ni juniper, hakajafa kwa sababu una mkosi. Kamekufa kwa kufungiwa ndani. Juniper ni jamii moja na mtarakwa wetu, ule mti wa Aberdare na Mau unaotoa nguzo za ua, na ambao msituni hufika mita 30. Kuutia kwenye chungu hakubadilishi asili yake. Bado unataka hewa, na jua la saa kadhaa kila siku. Huna ua? Weka kwenye roshani, au juu ya ploti mnakoanika nguo.

Halafu maji. Usimwagilie kwa ratiba. Ingiza kidole kwenye udongo, kama sentimita 2 hivi. Pakianza kukauka, mwagilia hadi maji yatoke kwa matundu ya chini. Pakiwa na unyevu, acha. Udongo uwe na kokoto ndogo zinazopitisha maji, maana mizizi ikikaa topeni inaoza. Na ukishika makasi, usimalize kijani chote cha tawi. Tawi la juniper likibaki tupu halichipui tena.

Tatizo ni kwamba juniper hubaki kijani wiki kadhaa hata baada ya kufa. Ukiona rangi ya kahawia, mara nyingi umeshachelewa. Ndiyo maana nawalaumu wauzaji zaidi ya wanunuzi. Vijana wengi wanapata riziki kwa kuuza miche kando ya barabara, na hiyo ni kazi safi. Lakini ukimwambia mteja juniper ni ya kuweka mezani, leo umepata doh, kesho umempoteza. Mwambie tu, "Hii inakaa nje." Maneno matatu hayakugharimu kitu.

Nawe unayetaka kuanza, nunua mche wa mtarakwa kitaluni, usiende kuuchimbua msituni. Kwa anayeishi Nairobi, Nyeri au Nakuru, huo ni mti wa nyumbani. Upe jua, uupime kwa kidole, na uwe mpole. Bonsai haina haraka, bana.