Sarafina: Tulishangilia Nini?

Kuna sinema ambazo mtu huzitazama mara moja akazisahau, na kuna nyingine ambazo kila akizirudia humtolea swali jipya. Sarafina! ni ya namna hii ya pili. Nimeitazama mara nyingi hapa kwetu Liwatoni, tangu zama za kukodi kanda za video. Hata hivyo, swali linaloniwasha hivi sasa sikulipata katika sinema yenyewe. Nimelipata kwa watu niliokaa nao chumba kimoja kuitazama.

Kwa faida ya msomaji asiyeijua asili yake, Sarafina! ilianza kuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na ngoma. Mtungaji wake ni Mbongeni Ngema, naye Hugh Masekela alishirikiana naye katika nyimbo. Ulichezwa kwanza Johannesburg mwaka 1987, wakati Mandela angali kifungoni. Mwaka uliofuata ukapanda jukwaa la Broadway mjini New York, ukachezwa huko mara 597. Mwaka 1992 ndipo ilipotoka sinema, Mandela akiwa ameshakuwa huru kwa miaka miwili. Leleti Khumalo, binti aliyekuwa Sarafina wa jukwaani, ndiye pia Sarafina wa sinema. Whoopi Goldberg ni mwalimu wake, na marehemu Miriam Makeba ni mama yake.

Kisa chenyewe chatokana na maasi ya watoto wa shule wa Soweto ya Juni 16, 1976. Watoto hao walikataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana, wakapigwa risasi. Hector Pieterson alikuwa na umri wa miaka 12 tu alipouawa.

Sisi, ukweli usemwe, nyimbo tulizijua kabla ya kukijua kisa. Nilipokuwa kijana tulikuwa tukiziimba njiani kwenda chuoni, hata maalim wetu akatukemea siku moja. Hakutukemea kwa kuimba tu. Alituuliza, "Mnajua wanaimba nini hao? Au mwafuata mdundo?" Hatukuwa na jibu.

Wako wazee waliokuwa wakiichukia sinema hii kwa sababu moja: watoto wameuawa, nao hao wanacheza ngoma! Msiba hauchezwi, walisema. Nawaheshimu wazee wangu, lakini katika hili nadhani hawakuitendea haki. Huko Afrika Kusini, mazishi ya waliouawa yalikuwa mara nyingi ndiyo mkutano pekee ambao watu waliweza kuufanya, na wimbo ndio uliokuwa hotuba yao. Nasi watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Wangapi miongoni mwetu wamesema kwa utenzi yale wasiyoweza kuyasema kwa maneno makavu? Wimbo si furaha siku zote. Wakati mwingine ni kilio kilichopangwa vina.

Basi si nyimbo zilizonitia shaka Juni 16 iliyopita, nilipowakusanya wapwa zangu na watoto wa ndugu yangu kuwaonyesha sinema hii. Shangazi yangu, ambaye ni mtu mzima sana, naye alikuwako, tasbihi mkononi. Nyimbo zilipoanza watoto walipiga makofi, na shangazi mwenyewe nilimwona akitikisa kichwa taratibu. Wanafunzi walipopigwa risasi chumba kizima kilinyamaza.

Kisha ikaja zamu ya konstebo Sabela, Mwafrika anayewatumikia makaburu kwa kuwasaka watoto wa watu wake. Wanafunzi wakamwendea nyumbani, wakamtia moto. Ndipo vijana wangu wakashangilia, tena kwa kelele kuliko walivyoshangilia wimbo wowote.

Shangazi akauliza, "Mwashangilia nini, wajukuu zangu?"

Mmoja akajibu, "Nyanya, alistahili. Si alikuwa akiwasaliti wenzake?"

"Labda," akasema shangazi. "Lakini yule naye alizaliwa na mama."

Hakuongeza neno.

Jukwaani mtazamaji hukaa mbali, na aonalo ni mfano wa jambo. Sinema humsogeza akauona uso wa mtu na kusikia akiomba. Pale panapotakiwa tuone vibaya zaidi, ndipo sisi tunaposhangilia. Wala sinema haikutuambia tushangilie. Sarafina mwenyewe anatoka pale amevunjika moyo. Anakamatwa na kuteswa, na anapoachiliwa haendi kutafuta mwingine wa kuchomwa. Anakwenda kwa mama yake, mtumishi wa nyumba ya Wazungu ambaye zamani alimwonea haya, na anatambua kwamba mama huyo aliyevumilia na kulea ndiye shujaa aliyekuwa akimtafuta.

Wako wanaosema mwisho huo ni wa kuwafariji Wazungu, kwamba mnyonge ahubiriwe subira na mwenye bunduki aachwe. Hoja hiyo ina uzito, wala sitaki kuificha. Dhuluma ya makaburu haikuwa sawa na hasira ya watoto. Lakini kusema mtu amedhulumiwa si kusema kila alitendalo ni halali. Sisi Waislamu tumefundishwa kwamba adhabu ya moto ni ya Mwenyezi Mungu pekee. Hakukuwekwa mlango wa pembeni kwa ajili ya msaliti, wala kwa mwizi wa simu.

Nasema mwizi wa simu kwa makusudi. Nani kati yetu hajasikia kelele ya "Mwizi!" mitaani, kisha ikafuata harufu ya mpira unaoungua? Na vijana wetu walipoingia barabarani Juni 2024 kudai haki yao, na wengi wakauawa, tulilia kwa haki kabisa. Anayelilia damu ya huyu hana budi kuionea uchungu damu ya yule. La sivyo tutakuwa tumechagua upande tu, na haki tumeiacha nyuma.

Sarafina! waonyesheni watoto wenu, wala msiwakataze nyimbo zake. Ila kaeni nao mpaka mwisho, na wanaposhangilia, waulizeni kama shangazi alivyouliza. Yule kijana wangu aliyejibu kwa haraka, tulipofika pale Makeba anapokutana na binti yake, aliinuka akaenda kukaa chini miguuni pa nyanya yake. Hakushangilia tena usiku ule.