Zima Data Uone Nyimbo Zilizo Zako

Jaribu hivi ukiwa kwa mathree kutoka Thika kwenda Ruiru: zima data, kisha utafute wimbo unaoupenda zaidi. Haupo? Basi si wako. Umeukodi tu, kama keja.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa nimempangia mama nyimbo za zamani za Kikuyu kwenye programu ya kulipia kila mwezi. Siku moja zikaanza kugeuka kijivu, moja baada ya nyingine. Mama akadhani ameharibu simu.

Nikarudi kwa mafaili. Laptopu kuukuu yenye skrini iliyopasuka sasa iko kwa mama Thika ikiendesha Navidrome, seva ya muziki isiyolipiwa. Nikiwa Ruiru, nafungua Feishin kwenye kompyuta yangu, naunganisha kupitia Tailscale, na maktaba yote iko mbele yangu. Nafasi nayo isikutishe: wimbo wa dakika nne kwa MP3 ya kilobiti 320 ni kama megabaiti 10. Nyimbo 5,000 ni gigabaiti 50 tu.

Lakini sikudanganyi. Stima ikipotea Thika, Ruiru kunanyamaza. Ndiyo maana nina nakala kwenye diski ya kando, ambayo naicheza kwa Strawberry bila seva wala intaneti.

Tena hakuna programu itakayokuokoa kama mafaili yako ni ya flashi za mtaani, yote yakiitwa "Track 01". Programu hizi husoma jina la msanii na albamu kutoka ndani ya faili. Zisipolipata, maktaba yako ni beli ya mitumba: utachakura hadi uchoke. Tenga Jumapili moja, uandike majina.

Na flashi hiyo haimlipi msanii. Nyimbo za Joseph Kamaru, aliyefariki 2018, ziko Bandcamp kupitia mjukuu wake, mwanamuziki KMRU. Unalipa mara moja, unapakua, faili ni lako.

Sisemi uache kustrimu. Hata mimi hutafuta ngoma mpya huko. Lakini zile kumi ambazo ungetaka zipigwe harusini kwako, au siku ya kumuaga mzazi, ziweke mahali ambapo hakuna mtu wa mbali wa kuzizima. Anza leo, na moja tu.