Ushiriki Katika Midahalo ya Vyuo Uwe na Ukomo

Nchini mwetu mwanafunzi wa shahada ya udaktari husoma miaka 5, na wa stashahada ya utabibu miaka 3. Katika muda huo, timu ya midahalo ya chuo aghalabu huwa na sura zilezile, huku wanafunzi wengine wakibaki wapiga makofi. Mashindano ya Dunia ya Midahalo ya Vyuo Vikuu yameweka mpaka: mshiriki hashindani zaidi ya mara 4. Vyuo vyetu vya afya, kwa maoni yangu, viweke mpaka mfupi zaidi, wa miaka 2.

Wapo watakaosema kwamba tutapoteza vikombe. Huenda ikawa hivyo. Hata hivyo, chuo cha afya kipo ili kuandaa watu watakaomweleza mama wa Mshangano, kwa Kiswahili chepesi, kwa nini mwanawe hapaswi kukatiza dozi. Anayelihitaji jukwaa zaidi ni yule ambaye bado hutetemeka mbele ya watu.

Aliyemaliza miaka yake 2 na awe mwamuzi. Mshindani husikiliza ili ajibu. Mwamuzi husikiliza ili aelewe. Mgonjwa anayesimulia maumivu yake humhitaji huyu wa pili.