Mambo ya Nyumbani: Mlinzi Aliyemfungia Mwenye Nyumba Nje



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya kompyuta iliyoharibika na jinsi ilivyopona. Ninyi msio na kompyuta nyumbani, twawasihi msifunue ukurasa upesi. Siku hizi hesabu za vikundi, karo za watoto, hata idadi ya magunia ya karoti yashukayo Soni na Mombo kwenda Dar es Salaam, mara nyingi huandikwa ndani ya chombo hicho. Nacho kikiharibika, chaweza kumliza hata mtu asiyekigusa kamwe. Tena kosa tutakalolisimulia ni letu sisi wenyewe, wala hatuna mwingine wa kumsingizia.

Katika kijiji chetu, upande wa Magamba, kiko kikundi cha kuweka na kukopa. Wanachama ni 31, wengi wao akina mama walimao viazi na kabichi. Fedha zao hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu wa nyumba mbalimbali, hata mmoja asiweze kulifungua peke yake. Desturi hii ni njema, na vikundi vingi vya nchi yetu huifuata. Lakini hesabu zenyewe, yaani nani ameweka hisa ngapi, nani amekopa na nani amerudisha, tulizitoa katika daftari tukazitia katika kompyuta moja ya kukunja, ikakaa kwa Mama katibu. Daftari likaachwa kabatini. Miezi saba ikapita hivyo, wala hapakuwa na aliyeona hatari.

Mwezi wa Novemba kompyuta ile ikaanza kutoa onyo kila siku, ya kwamba muda wa programu yake ya kuzuia virusi umekwisha. Mama katibu akatuuliza la kufanya, maana alituona kuwa watu wa kalamu. Nasi kwa kupenda kuonekana wajuzi tukamjibu, "Mama, hilo ni jambo dogo." Tukatafuta programu nyingine ya ulinzi, tukaiingiza, wala hatukuiondoa ile ya kwanza. Tena betri ilikuwa imechoka, kompyuta ikiishi kwa waya wa umeme tu. Kazi ilipofika nusu, mvua ya vuli ikashuka kwa radi, umeme ukakatika.

Umeme uliporudi tukaiwasha. Kioo kikageuka buluu, chenye maneno machache ya Kiingereza. Kisha ikajizima, ikajiwasha, ikarudi buluu ile ile. Tukajaribu mara kumi, na mara kumi ikawa vivyo hivyo.

Sasa fikirini, wasomaji. Mgao wa mwaka ulikuwa wiki ya pili ya Desemba. Wako waliongojea sare za shule, wako waliongojea mbegu za viazi, na mjane mmoja aliongojea mabati ya paa lake. Habari zikatangaa kwamba kompyuta imekula hesabu. Pale bombani mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kompyuta haili kitu, alaye ni mtu." Mama katibu alikuwapo na ndoo yake. Akasikia, wala hakujibu. Nasi tulioitia mkono kompyuta ile tukanyamaza siku mbili, huku mwanamke mwaminifu akitazamwa kama mwizi. Hilo ndilo tunaloliona haya mpaka leo, kuliko uharibifu wenyewe.

Siku ya tatu tukaichukua kwa fundi mmoja. Akaitazama kitambo kidogo, akasema, "Mzee, hapa ni kupiga Windows upya. Kesho mchana njooni mchukue." Mama katibu akamwuliza, "Na hesabu zetu, baba?" Akajibu, "Ah, mama, vilivyomo vitaondoka. Lakini mashine itakuwa kama mpya." Nasi tulikuwa tayari kukubali, maana aibu hutaka kumalizwa upesi. Lakini Mama katibu akaifunika kompyuta, akaifunga katika kanga yake, akasema, "Basi tungoje kwanza." Kwa neno lile moja hesabu za watu 31 ziliokoka.

Jioni ile tukasimama mbele ya kikundi tukasema wazi, "Aliyeiharibu si katibu. Ni sisi." Wengine walikasirika, na haki yao. Lakini manung'uniko juu ya Mama katibu yakakoma usiku ule ule.

Siku chache baadaye kijana wetu mmoja, mwanafunzi wa mambo ya kompyuta, akaja likizo. Akatuamkia, tukaitikia, kisha tukamweleza. Akacheka kidogo kwa adabu, akasema, "Baba mkubwa, kompyuta hii haikufa. Mlinzi amemfungia mwenye nyumba nje." Kisha akatufafanulia.

Programu ya kawaida, kama ile ya kuandikia barua, ikianguka huanguka peke yake. Lakini programu ya ulinzi hupewa ufunguo wa kila chumba. Huingia hata kiini cha mfumo, tena huamka mapema, kabla mwenyewe hajaona neno lolote katika kioo, ili virusi visiitangulie. Kwa sababu hiyo ikiwa na kasoro huiangusha nyumba nzima. Na walinzi wawili wakiwekwa mlango mmoja, kila mmoja hulikamata faili lile lile, na pengine humdhania mwenzake kuwa ndiye mwizi. Yetu ilikuwa na mlinzi mzee asiyeondolewa na mlinzi mpya aliyeingia nusu, tungetazamia nini?

Tukadhani kwamba mambo haya huwapata wajinga wa milimani tu. Kijana akatuambia sivyo. Tarehe 21 Aprili 2010 programu ya kampuni ya McAfee ililidhania faili moja la lazima la Windows XP kuwa kirusi, ikalikamata, na kompyuta nyingi zikawa zajiwasha na kujizima bila kikomo. Na Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilizipelekea kompyuta za wateja wake maongezo mapya ya ulinzi. Ndani yake palikuwa na kasoro: programu ilitazamia mambo 21, nayo ilipewa 20, ikanyosha mkono kulitafuta la 21 mahali pasipo kitu, ikaanguka, na Windows ikaanguka pamoja nayo. Baada ya dakika 78 maongezo yale yaliondolewa, lakini kampuni ya Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kupatwa. Ndege hazikuruka, mabenki na hospitali zikakwama, na safari za ndege zaidi ya 5,000 zikafutwa siku ile.

Na dawa yake ilikuwa nini? Kwa nyingi katika hizo ilikuwa kuiwasha kompyuta kwa njia ya pembeni na kulifuta faili moja tu. Lakini kwa kuwa kompyuta isiyowaka haiwezi kupokea dawa kutoka mbali, mafundi walilazimika kuziendea nyingi moja moja, kwa mikono yao. Basi hata wakubwa wa dunia walipona kwa njia ile ile ya saburi.

Sasa twawaeleza jinsi kijana alivyofanya, ili nanyi mpate faida.

Kwanza, hakugusa ugonjwa kabla ya kuokoa mali. Katika kompyuta nyingine aliandaa flashi yenye mfumo wa Ubuntu, ambao hautozwi fedha. Akaiwasha kompyuta yetu kwa flashi ile, hata Windows isiamke kabisa. Mafaili yetu yote yakaonekana, yamelala salama katika diski; akayanakili katika flashi ya pili. Mama katibu alipoliona jina la faili la hisa, alikaa chini. Kumbe kioo cha buluu hakikuwa kaburi la hesabu; kilikuwa mlango uliokwama tu.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski yake kwa siri, kwa kazi iitwayo BitLocker. Ikiwa hivyo, mtatakiwa kutia namba ya uokozi yenye tarakimu 48. Namba hiyo mara nyingi huwekwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Itafuteni leo mngali wazima, mwiandike katika karatasi, mwiweke mahali pa siri. Pasipo namba hiyo mafaili yatakuwapo, lakini hayatasomeka.

Pili, aliitafuta ile njia ya pembeni, iitwayo hali ya usalama. Aliiwasha kompyuta, na Windows ilipoanza kuamka akaizima kwa kukikandamiza kitufe cha umeme. Akafanya hivyo tena. Mara ya tatu Windows ikafahamu ya kuwa ni mgonjwa, ikafungua ukurasa wa matengenezo. Humo akapita penye utatuzi wa matatizo, akaingia penye mipangilio ya kuwasha, akaruhusu ianze upya, kisha akabonyeza namba 4. Katika hali hiyo Windows huamka na watumishi wachache tu wasioweza kukosekana, na walinzi wa kigeni kwa kawaida huachwa wamelala. Kompyuta ikawaka.

Tatu, aliwaondoa walinzi wote wawili. Njia ya kawaida ya kuondoa programu ilikataa, maana mtumishi wa kazi hiyo mara nyingi hayupo katika hali ya usalama. Lakini watengenezaji wengi wa programu za ulinzi hutoa kifaa cha kufagia mabaki ya programu yao. Kijana alivipata vifaa hivyo katika kurasa za watengenezaji wenyewe, akavileta kwa flashi, akafagia. Akaiwasha upya, nayo ikaamka kama siku zote. Tangu Windows 8 mfumo wenyewe una mlinzi wake, ambaye huamka asipomwona mwingine. Naye akashika zamu.

Kama kufagia kungeshindikana, alikuwa na njia nyingine mbili. Moja ni kuirudisha Windows katika hali ya siku iliyopita, ikiwa alama ya siku hiyo imehifadhiwa. Jambo hilo huondoa programu zilizoingizwa baada yake, lakini haligusi barua na hesabu za mtu. Ya pili ndiyo ile ya yule fundi, kupiga Windows upya. Hatumlaumu, maana mara nyingine hakuna budi. Lakini iwe ya mwisho, si ya kwanza, na mafaili yawe yamekwisha kunakiliwa.

Siku ya mgao Mama katibu aliyasoma majina yote 31 na hisa za kila mmoja. Kisha kufuli tatu zikafunguliwa, fedha zikahesabiwa juu ya meza, zikapatana na maandiko yake. Yule aliyesema maneno ya bombani alisimama, akamwomba radhi mbele ya wote. Mama akasema, "Yamekwisha, dada. Lakini daftari lirudi."

Nalo limerudi. Hayo ndiyo tuliyojifunza, wapenzi wasomaji. Sanduku letu lilikuwa na funguo tatu katika nyumba tatu, na hesabu zake zilikuwa mahali pamoja tu. Tuliilinda fedha, tukausahau ukumbusho wake. Siku hizi hesabu zimo katika kompyuta, na nakala yake katika flashi iliyo nyumbani kwa mshika ufunguo mmoja. Na kila mkutano jumla ya kila mwanachama huandikwa kwa wino katika daftari, lililo kwa mshika ufunguo mwingine.

Ninyi mlio na kompyuta, yashikeni haya machache. Mlinzi awe mmoja tu. Wa zamani aondoke kabla mpya hajaingia. Programu itoke kwa mtengenezaji wake, si kwa kila apitaye na flashi. Kazi ya kuingiza isifanywe mvua ikinguruma na betri haina nguvu. Nakala ya mafaili itangulie kila jambo. Na kompyuta ikigeuka buluu, andikeni maneno mnayoyaona, mwizime, mwite ajuaye, wala msimpe ruhusa ya kufuta mpaka amewajibu swali la Mama katibu: "Na hesabu zetu, baba?"

Tena ukiwa wewe ndiwe uliyeharibu, sema siku ile ile. Kompyuta yaweza kungoja wiki mbili katika kanga isidhurike. Jina la mtu halingoji hivyo.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi mbegu za viazi. Wasalimuni wote wa nyumbani kwenu.

Ni sisi, wenzenu wa Lushoto.