Saint Lucia: Tokeni Nje ya Geti la Hoteli!

Mwezi huu tunavuka bahari hadi Karibiani, kwenye kisiwa cha Saint Lucia. Nawajua nyie mnaotafuta pa kula fungate, na nyie wenye miaka mitano ya ndoa mnaotaka kuuwasha moto upya. Picha zake mmeshaziona: vilele viwili vimechongoka kutoka baharini, kijani mpaka juu. Ndizo Pitons, zilizoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004.

Sasa tuambizane ukweli. Wengi wakifika kule wanafungwa kibangili cha hoteli mkononi, chakula na vinywaji vimeshalipiwa, basi imetoka hiyo. Wiki nzima ni kitanda, bwawa, baa. Siku ya tatu mmoja anataka kutembea, mwenzie anajibu, "Si tumeshalipia hapa?" Ugomvi wa pesa huanzia hapo, tena mbali na nyumbani ambako hakuna shangazi wa kuwasuluhisha. Dawa yake ni kukubaliana kabla ya kukata tiketi: siku ngapi za kulala, siku ngapi za kuzurura, na fungu la kuzurura liwekwe pembeni.

Fukwe ni za wote

Kisiwa ni kidogo kuliko Pemba, kilomita za mraba 617 hivi, na fukwe zake zote ni za umma, hata zile zilizo mbele ya hoteli za bei mbaya. Kaskazini kuna Reduit, mchanga wa dhahabu na maji yaliyotulia, pazuri kwa asiyejua kuogelea. Karibu na mji wa Soufrière kuna Anse Chastanet, mchanga wa volkano wenye rangi ya kiza na matumbawe hatua chache tu kutoka nchi kavu. Chukueni miwani ya kuzamia, mtashangaa wenyewe! Upande wa mashariki bahari ya Atlantiki ni kali, na tangu mwaka 2011 kuna misimu ambapo mwani hujaa ufukweni. Kule ni kwa kutembea na kupiga picha.

Ijumaa ya kuamua

Ijumaa usiku ndiyo mtihani wenu. Anse La Raye, kijiji cha wavuvi, barabara inageuka jiko: samaki, pweza na kamba kwenye makaa. Usiku huohuo Gros Islet, kaskazini, mtaa mzima unajirusha na muziki mpaka usiku wa manane. Mmoja wenu ni mtu wa kula taratibu, mwingine wa kucheza? Kuleni mapema Anse La Raye, kisha mpande teksi kwenda Gros Islet. Gari la kukodi liacheni hotelini. Ramu ya kule haina utani na barabara ni kona tupu.

Asubuhi ombeni chakula cha taifa, ndizi mbichi na samaki wa chumvi. Wao ndizi huita "fig", usije ukadhani ni tini. Na mashelisheli yapo, mtu wa Unguja atajiona yuko kwao.

Mwenye miguu mizuri apande Gros Piton, mita 798. Njia inaanzia kijiji cha Fond Gens Libre, yaani bonde la watu huru, makazi ya watu walioukataa utumwa wakakimbilia milimani. Waongozaji ni wanakijiji wenyewe, hivyo hela yenu inabaki palepale. Kwenda na kurudi ni kama saa nne au tano, anzeni alfajiri. Asiyependa kupanda amsubiri mwenzie kwenye matope ya moto ya Sulphur Springs. Harufu ni ya yai viza, lakini kupakana matope kunaondoa kisirani chochote.

Kabla hamjaondoka

Dola ya kule imefungwa kwa 2.70 kwa dola moja ya Marekani tangu mwaka 1976. Ukiambiwa "dola ishirini", uliza kwanza: dola ipi? Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Bei hushuka, lakini na mvua nayo ipo. Wengi hupitia London au Marekani, hivyo ulizieni mapema na visa ya kupitia. Na salamu ni lazima. Ukiingia dukani bila "bonjou" utahudumiwa kwa sura ya kukunja, kama vile ungeingia kwa bibi yako bila shikamoo.

Leo jioni kaeni na mwenzio, kila mtu aandike mambo matatu anayoyataka kwenye safari, bila kuchunguliana. Mkifungua karatasi mtajua mapema mnagombania nini, na mtakuwa bado hamjalipa hata senti.