Vijana, Msirithi Kifo cha Tupac

Ndugu zangu vijana, naiona sura ya mwanarap Tupac Shakur kwenye fulana zenu na migongoni mwa daladala na matatu. Sikatazi. Kinachoniuma ni kwamba katika maisha ya miaka 25 mmechagua kuiga mwaka wake wa mwisho, ule wa ugomvi na magenge, mkaitupa miaka iliyomfanya awe Tupac.

Mtu huyu alilelewa kwa kusomeshwa. Mama yake, Afeni Shakur, alikuwa mwanachama wa Black Panther, chama cha kutetea haki za Weusi, mjini New York. Akiwa mjamzito alisimama kizimbani akajitetea mwenyewe bila wakili, na Mei 1971 yeye na wenzake wakaachiwa huru. Mwezi uliofuata akajifungua. Mtoto alipokosa, adhabu yake ilikuwa kusoma gazeti la New York Times. Mwaka 1984, angali mdogo, aliigiza katika ukumbi wa Apollo, Harlem. Huko Baltimore akaingia shule ya sanaa, akajifunza uigizaji, ushairi, hata dansi ya baleti, akacheza tamthilia za Shakespeare. Kwa hiyo msidhani ufundi ule ulimwangukia tu kutoka mbinguni! "Brenda's Got a Baby", wimbo wa 1991 unaosimulia binti mdogo aliyezaa akakosa pa kushika, kisa chake alikitoa gazetini. Yule mtoto aliyeadhibiwa kwa gazeti alikuwa amejua kulisoma.

Mtaniambia umaskini ndio uliompoteza. Ni kweli walihamahama, na mama akanaswa na kokeini. Lakini katika "Dear Mama" ya 1995 hakuificha aibu hiyo, wala hakuacha kumshukuru mama. Leo wimbo huo umo katika hazina ya sauti inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Wala makosa yake tusiyafunike. Mwaka huohuo wa 1995 alifungwa kwa kumdhalilisha mwanamke kingono, hukumu aliyoikana mpaka mwisho. Anayempenda Tupac asiipite habari hii haraka. Dada zetu wanasikiliza. Oktoba akatoka kwa dhamana, akajiunga na kampuni ya muziki ya Death Row, na uhasama wa kampuni ukawa uhasama wake. Usiku wa Septemba 7, 1996, huko Las Vegas, yeye na wenzake walimpiga mtu hotelini. Saa chache baadaye akamiminiwa risasi garini. Akafa tarehe 13.

Mtazameni pia baba yake wa ubatizo, Geronimo Pratt. Alikaa gerezani miaka 27 kwa hukumu iliyokuja kutenguliwa, kisha akahamia kijiji cha Imbaseni karibu na Arusha, akaishi kwa amani na majirani hadi alipofariki mwaka 2011. Huyo hamumchori popote.

Basi wazazi, mtoto akikosa, mpeni gazeti alisome mpaka mwisho, kisha mkae naye awaeleze alichokisoma. Nanyi vijana mnaotaka kughani, someni kwanza.