Soko la Programu: Lumbesa Ndani ya Kompyuta

Mfanyabiashara wa Morogoro anayepokea kabichi za Mgeta na ndizi za Matombo mara nyingi huuziwa programu ambayo mauzo, ghala na mikopo vimeshonwa pamoja. Siku anapoacha lumbesa na kupima kwa kilo, kama sheria ya vipimo inavyotaka, fundi hudai kuifumua yote. Na bili juu!

Gharama hiyo yaepukika. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioenea Kenya nzima mwaka 2011 na unaotumika Tanzania pia, umeandikwa kwa Java, moduli kwa moduli. Kazi ya kuhifadhi taarifa katika majedwali ya hifadhidata imeachiwa Hibernate, chombo huria kilichoanza 2001. Moduli moja hurekebishwa bila kuandika upya nyingine. Mnunuzi adai hivyo kabla ya kulipa, na majedwali yabaki mali yake.